Kanga wa Jimbo Lililo Macho

Mtu aliyekuwa akimtunza ndege wa jimbo hakuanza na ndege. Alianza na watu. Alikuwa mlinzi wa lango la Jumba la Jimbo, mahali gavana anapopokelea wageni, na angekuwa huko mpaka leo kama asingemzuia mama mkwe wa gavana kuingia. Alimzuia kwa sababu mkoba wake ulikuwa mkubwa mno na majibu yake mafupi mno. Gavana alicheka. Mama mkwe hakucheka. Kesho yake mlinzi akahamishiwa bustanini, kwenye banda la waya lililokuwa nyuma ya jiko, akaambiwa kuanzia sasa kazi yake ni kumlisha kanga.

Jimbo lile lilikuwa na alama zake rasmi kama lilivyo jimbo lolote linalojiheshimu: bendera, wimbo, ua la alizeti, na ndege, naye ndege huyo alikuwa kanga. Waliomchagua walisema kanga hapitwi na jambo. Akiona sura ngeni hupiga kelele mpaka mtaa mzima utoke nje. Kwa hiyo na lakabu ya jimbo, iliyoandikwa juu ya lango na kwenye vibao vya namba za magari, ilikuwa Jimbo Lililo Macho. Watu wa majimbo ya jirani walikuwa na lakabu yao ya pembeni: Jimbo la Makelele. Hiyo haikuandikwa popote, ila ndiyo iliyokuwa ikitumika zaidi.

Wenzake kazini wakampachika mlinzi wetu jina la Bwana Macho, na jina likamkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake. Alikuwa mtu wa kushuku. Akipewa chenji aliigeuza pande zote mbili. Akisalimiwa kwa uchangamfu kupita kawaida, alijiuliza anatakiwa nini. Mkewe, msusi aliyefanyia kazi zake barazani kwao, alizoea kuwaambia wateja wake, "Mume wangu akiota ndoto nzuri, anaamka kuuliza nani kaileta."

Lakini yule kanga alimpenda, na hilo hakulificha. Kila asubuhi akifika na mtama wake, kanga alimjia mbiombio bila kutoa sauti, akadonoa mkononi mwake. Mtu mwingine yeyote akisogea, hata gavana, zilipigwa kelele za kutoboa masikio. Bwana Macho aliona fahari isiyo na kifani. Katika jimbo zima, yeye ndiye mtu pekee ambaye ndege wa jimbo hakumshuku.

Kisha akaugua ngiri. Daktari akasema ni ya kupasuliwa, tena si ya kungoja. Bwana Macho alikubali kwa shingo upande, na jambo lililomtia wasiwasi si kisu, ni banda. Angemwachia nani? Mkewe ndiye aliyempendekeza mdogo wake wa kiume, kijana mwenye familia changa aliyekuwa akiziba pancha kwenye karakana ya watu. Mama Katibu, mkuu wa ofisi za Jumba, akakubali, akaongeza kwamba kijana akifanya vizuri huenda akaajiriwa moja kwa moja upande wa bustani. Bwana Macho akamfundisha shemeji yake kila kitu: maji yabadilishwe asubuhi, mtama usilowe, komeo la mlango livutwe mpaka lilie. Halafu akaenda hospitali, akapasuliwa, akalazwa, akarudishwa nyumbani kukaa kitandani kama yai kwenye pamba mpaka mshono ulipokauka.

Siku aliyorudi kazini alikuwa amevaa shati jipya na amenyoa. Alisogea bandani na mtama kiganjani, huku akitabasamu peke yake.

Kanga akainua shingo, akamtazama, akapiga kelele.

Alipiga kelele mpaka mtunza bustani akaacha kufyeka na walinzi wa lango wakachungulia. Bwana Macho alirudi nyuma hatua kadhaa. Akasema, "Ni mimi." Kanga akazidi. Yule mtu mzima alisimama pale, mtama ukimwagika katikati ya vidole vyake.

Alipotulia alimchunguza. Kanga wake wa zamani alikuwa na pengo dogo kwenye kile kinyama chekundu kinachoning'inia shavuni, upande wa kushoto. Alijikwaruza na waya zamani. Kanga huyu mashavu yake yote mawili yalikuwa kamili.

"Labda kimepona," mkewe alimwambia walipokaa kula mchana.

"Nyama iliyokatika inaota tena?"

"Wewe si umekatwa tumbo? Mbona umeota?"

Aliona mkewe amejibu haraka mno. Pia aliona hakuinua macho kutoka kwenye sahani. Akayaweka yote mawili akilini, kama alivyozoea kuweka mambo, yasubiri zamu yao.

Alimfuata shemeji yake karakanani. Kijana alikuwa ameinamia gurudumu. "Alikuwa hivyo hivyo, shemeji," alisema. "Mtama alikula, maji alikunywa. Labda amekusahau tu. Ndege ni ndege." Bwana Macho alimtazama kisogoni kwa muda. Angebaki hapo akamchimba zaidi, lakini kuna jambo mtunza bustani alikuwa amemdokeza asubuhi ile, nalo lilikuwa likimwasha kuliko hilo: kwamba wakati yeye amelazwa, kulikuwa na karamu kubwa Jumbani, wageni wa kutoka mji mkuu, na nyama ilikuwa ya ndege.

Mpishi wa Jumba alikuwa mtu mnene, mcheshi, wa kucheka mpaka akashika meza. Yeye na Bwana Macho walikuwa wakinywa chai pamoja kila siku kwenye kibaraza cha jiko, na mpishi ndiye aliyekuwa akimpa makombo ya mahindi kwa ajili ya ndege. Bwana Macho akaingia jikoni, akauliza kana kwamba anauliza hali ya hewa:

"Ile karamu, wageni walikula nini?"

"Kanga," mpishi akasema huku akikaanga vitunguu. "Wa kwako yule. Wakasema hawajaonja jimbo tamu namna hii." Akacheka mpaka akashika meza.

Bwana Macho hakucheka. Alimwona mpishi anaacha kucheka kidogo kidogo, anageuka kuchochea vitunguu ambavyo havikuhitaji kuchochewa.

Mchana ule ule alizunguka nyuma ya jiko, mahali pa kumwagia majivu. Chini ya mpapai aliona udongo uliokuwa umechimbwa na kurudishiwa. Akafukua kwa kijiti. Hakwenda mbali. Manyoya yakatokea, meusi yenye madoadoa meupe, yamegandamana na udongo. Akachukua machache, akayafunga kwenye leso yake, akasimama pale akihema. Hakurudi kwa mpishi kumuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Katibu.

Mama Katibu alikuwa mwanamke wa makamo ambaye hakupenda mambo ya kupoteza wakati. Aliitazama leso iliyofunuliwa juu ya meza yake.

"Unasema mpishi amewapikia wageni ndege wa jimbo."

"Ninasema yule aliye bandani siye, na wa zamani yuko nyuma ya jiko, mama. Hayo mengine aulizwe mwenyewe."

Mpishi akaitwa. Aliingia akifuta mikono kwenye aproni, akayaona manyoya, akamwona na rafiki yake amesimama kando ya kabati. Uso wake ukabadilika, lakini si kwa namna Bwana Macho aliyoitarajia. Haukuwa uso wa mwizi. Ulikuwa uso wa mtu aliyebebeshwa mzigo na mtu ambaye hajui kuwa ni wake.

"Haya manyoya unayajua?" Mama Katibu akauliza.

"Nayajua."

"Yamefikaje pale?"

Mpishi akamtazama Bwana Macho kwa muda mrefu. "Sina la kusema, mama."

"Fikiri vizuri. Kwa mambo haya mtu anapoteza kazi."

"Sina la kusema."

Akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, akaondoka na visu vyake viwili vimefungwa kwenye gazeti, maana vilikuwa vyake, si vya serikali.

Kuanzia hapo Jumba likawa mahali pa ajabu. Jimbo lililo macho lilianza kuwatazama watu wake lenyewe. Mtunza bustani akanyamaza kila Bwana Macho alipopita. Wafagiaji wakaanza kufunga makabati ambayo hayajawahi kufungwa. Mchoraji aliyekuwa ameitwa kuchora upya nembo ya jimbo alifika na kiti chake cha kukunja, akakaa mbele ya banda, na Bwana Macho akamsimamia begani.

"Usimchore huyu bado," akamnong'oneza.

"Kwa nini?"

"Hatujathibitisha kama ndiye."

Mchoraji akamtazama kanga, akamtazama Bwana Macho. "Ndugu yangu, mimi nimelipiwa kuchora kanga. Huyu si kanga?" Akaendelea kuchora. Kanga akampigia kelele mchoraji na akampigia kelele Bwana Macho, sawasawa, bila upendeleo.

Nyumbani nako hakukuwa kwema. Tangu mpishi asimamishwe, mkewe alikuwa haongei. Alisuka nywele za wateja kwa kuvuta mpaka mmoja akalalamika. Akaanza kutoka alasiri, ameficha kisufuria chini ya mtandio, akisema anakwenda kumsuka mteja mgonjwa. Bwana Macho akauliza mteja gani. "Humjui." Akauliza anaumwa nini. "Kichwa." Mtu anayeumwa kichwa anasukwa?

Alasiri moja alisimama dirishani akamwona mkewe anafika njia panda, na badala ya kushika njia ya kwenye nyumba za wateja wake, anakata kulia, kwenye nyumba za wafanyakazi wa Jumba. Alivaa viatu vyake akamfuata. Mshono ulimvuta kila alipoharakisha, naye alihesabu maumivu hayo kama sehemu ya makosa ya mkewe. Alimwona anapita nyumba ya kwanza, ya pili, anasimama mlangoni kwa mpishi. Mlango ukafunguliwa kabla hajabisha. Alikuwa akingojwa.

Mambo yaliyompitia kichwani pale nje si ya kusimulia yote. Chai ya kibarazani. Makombo ya mahindi. Mpishi anavyocheka. Miaka yote hiyo alikuwa akichunguza mikoba ya watu, na kumbe nyumba yake mwenyewe ina lango ambalo hakuwahi kulisimamia. Akasogea ukutani, chini ya dirisha, akasikiliza.

"Mwambie tu, kaka," ilikuwa sauti ya mkewe. "Mwambie Katibu kila kitu. Mimi nitabeba."

"Niliahidi, dada. Mimi si mtu wa kuahidi mara mbili." Hiyo ilikuwa sauti ya mpishi.

Kisha ikaja sauti ya tatu, ya mke wa mpishi, yenye uchovu. "Nyinyi mnaahidiana, watoto wangu ndio wanaoulizwa shuleni kama baba yao ni mwizi wa ndege."

Bwana Macho alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Watu watatu. Mke wa mpishi alikuwemo. Jambo alilokuwa amelijenga kichwani tangu njia panda likaanguka lote kwa pamoja, na badala ya kupata nafuu aliona aibu, aibu nzito ya mtu aliyekutwa anasikiliza chini ya dirisha. Akajikongoja, akasimama, akaenda mlangoni.

"Hodi."

Mkewe ndiye aliyefungua. Alimtazama mumewe kuanzia miguuni penye vumbi mpaka usoni.

"Ulinifuata."

"Nilikufuata."

"Basi ingia usikie vizuri."

Wakamweleza, na aliyeeleza zaidi ni mkewe, akiwa amesimama. Shemeji alikuwa akisafisha beseni la maji, akauacha mlango wa banda wazi kwa muda mfupi tu. Mbwa wa mtaani alipita kwenye ua wa miti uliovunjwa na watoto nyuma ya bustani. Mpaka kijana anageuka, kanga alikuwa ameshashikwa shingoni. Mpishi aliona kutoka dirisha la jiko, akatoka na mwiko, akamfukuza mbwa, lakini hakukuwa na la kuokoa. Kijana alikuja mbio kwa dada yake akilia kama mtoto. Na siku hiyo ndiyo siku ambayo Bwana Macho alikuwa ametolewa chumba cha upasuaji.

"Daktari alituambia usishtuliwe," mkewe alisema. "Alisema mshono ukifumuka tutakurudisha mezani. Mimi ningekwambiaje? Nikaenda kwa yule mama anayefuga nyuma ya soko, nikanunua mwingine. Kaka huyu akamzika yule wa kwanza; wale wageni walikula kuku tu. Nikamwomba asiseme kwa mtu yeyote, akakubali. Nilisema ukipona nitakwambia. Ukapona, ukarudi, na siku ya kwanza tu ukaanza kutafuta mtu wa kumfunga."

"Mngeniambia."

"Wewe?" Mkewe akacheka bila furaha. "Wewe ambaye huulizi jambo mpaka uwe umeshapata jibu?"

Bwana Macho akamgeukia mpishi. Alitaka kusema neno, akaona maneno yote aliyonayo ni ya getini: nani, wapi, kwa nini. Mpishi alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo, amepungua ndani ya hizo wiki chache, mikono yake minene imelala magotini kama vitu vya kuazima.

"Ungemtaja mke wangu kule kwa Katibu," Bwana Macho alisema hatimaye. "Ungesema nenda kamwulize mkeo."

"Ningesema hivyo mbele yako? Na wewe umesimama pale na leso?"

Mke wa mpishi akaenda kukoroga chungu jikoni, akaacha mlango wazi ili asipitwe na neno.

Asubuhi yake Bwana Macho alikwenda karakanani kabla ya kwenda kazini. Shemeji yake alipomwona, aliweka spana chini. Hakuulizwa kitu. "Nilitaka kusema siku ile ile," kijana alisema. "Dada alinizuia. Halafu mpishi aliposimamishwa nikaogopa. Kile kibarua cha bustani nilikitaka sana, shemeji."

"Najua. Kanawe mikono. Tunakwenda wote."

Walisimama wawili mbele ya meza ya Mama Katibu, mmoja ananuka mpira wa magurudumu, mwingine amevaa lile shati jipya. Kijana alisema yake yote bila kupunguza. Bwana Macho alisema yaliyobaki: kwamba mpishi hakuiba, hakupika, alizika tu, na kwamba yeye ndiye aliyemchongea bila kumuuliza.

Mama Katibu aliwasikiliza, akavua miwani, akasugua macho.

"Yule aliyekufa," alimwuliza Bwana Macho, "ulidhani ni yule yule aliyekuwepo siku jimbo linaanzishwa?"

Ndivyo alivyodhani. Hakuwahi kujiuliza.

"Mmoja alikufa kwa baridi kabla hujaletwa bustanini. Mwingine alitoroka tu, hatukumwona tena. Sheria inasema ndege wa jimbo ni kanga. Haisemi kanga gani." Akavaa miwani. "Mimi sikumsimamisha mpishi kwa ajili ya ndege. Nilimsimamisha kwa sababu mtu alikuja na ushahidi, naye akakataa kujibu. Arudi kazini Jumatatu. Wewe kijana, kile kibarua nimeshampa mtu mwingine. Pole."

Shemeji alitoka akiwa amekunja midomo. Nje alimshika mkono Bwana Macho, akasema lilikuwa jambo la kusemwa, kisha akashika njia ya karakanani. Miezi michache baadaye alihamia mji mwingine, kwenye karakana kubwa zaidi, na dada yake alilia siku ya kumsindikiza kwa namna iliyomfanya Bwana Macho aangalie pembeni.

Jioni ya siku ile aliporudi kutoka kwa Katibu, alipitia kwa mpishi kumpelekea habari mwenyewe. Mpishi alimsikiliza mlangoni bila kumkaribisha ndani.

"Nimekukosea," Bwana Macho alisema. "Nilikuwa na manyoya mkononi, nikaona yanatosha."

"Yalitosha kweli," mpishi alisema. "Mtu yeyote angedhani hivyo. Lakini wewe si mtu yeyote. Wewe ulikuwa unakunywa chai yangu." Akatazama barabarani. "Jumatatu nitakuja. Tusalimiane. Hayo mengine tusiyaharakishe."

Walisalimiana. Jumatatu ile, na Jumanne, na siku zote zilizofuata. Chai mpishi aliinywa ndani, karibu na jiko, na Bwana Macho alikunywa yake bandani. Muda mrefu ulipita kabla siku moja ya mvua mpishi hajasukuma mlango wa jiko kwa mguu na kusema, "Utalowa huko." Bwana Macho akaingia. Hawakuzungumza sana. Mpishi alimsogezea sukari.

Nembo mpya ilitoka, ikabandikwa juu ya lango na kwenye vibao vya magari. Ni kanga yule wa sokoni, mashavu kamili, mdomo wazi. Watu wanasema amechorwa vizuri mno, unaweza kumsikia.

Na mkewe bado hutoka alasiri, na siku hizi husema anakokwenda hata kabla hajaulizwa, kwa sauti ya mtu anayemsomea mgonjwa majina ya dawa. Bwana Macho huitikia, "Haya, nenda salama." Mlango ukifungwa hunyanyuka, hufika dirishani, huushika ukingo wa pazia. Kuna siku hulifunua. Kuna siku huliachia, hurudi kukaa, akasikiliza hatua za mkewe mpaka zinapotelea njia panda.